Kuisoma Diski ya Kompyuta Iliyokufa

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili kila mwanafunzi ayasome tena polepole, peke yake au pamoja na wenzake.

Walio mbali na redio wasogee karibu. Kila mmoja awe na kalamu na daftari lake, kwa maana leo yako maneno machache ya kuandika na hesabu mbili za kufanya.

Somo la leo ni habari za kompyuta iliyokufa. Katika ofisi nyingi, katika shule, katika vyama vya kuweka na kukopa, na hata majumbani, mtaikuta kompyuta ya zamani imewekwa pembeni na kufunikwa kitambaa. Hapo kwanza ilifanya kazi vizuri. Siku moja ilibonyezwa, haikuwaka. Fundi akaitazama akasema, "Hii haifai tena. Nunueni nyingine." Basi ikanunuliwa nyingine. Lakini orodha ya wanachama, hesabu za akiba, na picha za jamaa waliokwisha kufariki, vyote vilikuwa ndani ya ile ya zamani. Je, vimepotea?

Mara nyingi havikupotea. Kompyuta ikifa, si lazima kumbukumbu zake zife pamoja nayo. Leo tutajifunza namna ya kuitoa diski iliyomo ndani, kuiunganisha na kompyuta nyingine iliyo nzima kwa adapta ya USB, na kunakili yaliyomo. Tena tutajifunza jambo moja lililo kubwa kuliko yote katika kazi hii, nalo ni kusema "hapana" kompyuta inapokuuliza swali la hatari.

DISKI NI NINI?

Fikirini ofisi yenye taa, meza na kabati la majalada. Taa ikiungua, karani hawezi kufanya kazi usiku. Meza ikivunjika, hana mahali pa kuandikia. Lakini majalada yamo kabatini, hayakudhurika. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kinachokufa mara nyingi ni kisanduku cha kupokea umeme, au kioo, au ubao mkubwa wa nyaya. Diski ndiyo kabati la majalada, na yaweza kuwa nzima wakati vyote vingine vimeharibika.

Kwa nje, diski ni kisanduku cha chuma kilichofungwa barabara. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazozunguka, zimepakwa madini ya sumaku. Maandishi yenu huandikwa juu ya sahani hizo kwa nguvu ya sumaku, ndiyo maana hayafutiki umeme unapozimwa.

Sasa andikeni hesabu ya kwanza. Diski nyingi za kompyuta ndogo ya kubeba huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60. Mmepata ngapi? Naam, mara 90 kwa sekunde moja. Juu ya sahani hizo hupita kichwa cha kusomea, nacho hakiigusi sahani. Nafasi iliyopo kati yao ni nyembamba kuliko unywele, tena kuliko chembe ya vumbi. Kwa hiyo msiifungue diski kamwe, hata kwa kutaka kuona tu. Vumbi la chumba chochote latosha kuiharibu.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61 hivi, na yote kwa jumla iliweka herufi milioni 5 tu. Diski ya GB 80, iliyokuwa ya kawaida katika kompyuta za miaka ya 2000 na kitu, huenea katika kiganja cha mkono, na yaweka herufi bilioni 80. Hiyo ni mara 16,000 ya ile ya kwanza. Basi msiidharau kwa udogo wake. Hesabu za chama kizima kwa miaka 10 zaweza kuwamo.

KUITOA DISKI

Kwanza, chomoeni plagi ukutani. Ikiwa ni kompyuta ya kubeba, toeni na betri yake. Pili, mfunguaji aguse chuma kitupu cha kasha la kompyuta kabla ya kugusa vitu vya ndani. Mwili wa mtu huweza kuwa na umeme kidogo usiosikika, nao huua vyombo vidogo. Tatu, fungueni kifuniko kwa bisibisi, mkiweka skrubu zote katika kisosi ili zisipotee. Nne, chomoeni nyaya za diski kwa kushika vichwa vyake, si kwa kuvuta waya wenyewe. Kisha ifungueni diski na kuitoa.

Ishikeni kwa pembeni, kama mtu anavyoshika yai. Msiiangushe, wala msiipigepige ati iamke.

KUIJUA DISKI ULIYO NAYO

Kabla ya kwenda dukani kununua adapta, yafaa kujua mambo mawili: upana wa diski na namna ya mdomo wake. Watu wengi hununua adapta isiyofaa kwa sababu hawakutazama.

Tuanze na upana. Chukueni rula. Diski ya kompyuta ya mezani ina upana wa sentimita 10 hivi, nayo huitwa diski ya inchi 3.5. Diski ya kompyuta ya kubeba ina upana wa sentimita 7, nayo huitwa ya inchi 2.5.

Sasa tazameni mdomo, yaani mahali nyaya zinapochomekwa. Iko midomo ya namna mbili. Wa kwanza huitwa IDE, nao ni wa zamani zaidi. Una safu mbili za pini zilizochomoza kama meno ya kitana. Diski kubwa ina nafasi 40 za pini, na diski ndogo ina 44. Mkiona pini moja haipo, msiogope, maana mara nyingi imeachwa kwa makusudi ili mtu asichomeke waya kinyume.

Mdomo wa pili huitwa SATA. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2003, na baada ya hapo ukashika nafasi ya IDE polepole. Mdomo huu hauna pini zilizochomoza. Una ndimi mbili bapa zilizo karibu karibu, kila moja imepindwa mwishoni kama herufi L. Ulimi mfupi ni wa kupitisha maandishi, na ulimi mrefu ni wa umeme.

Basi semeni pamoja nami: meno ya kitana ni IDE, ndimi bapa ni SATA.

Katika kompyuta za siku hizi iko namna nyingine tena, iliyo kama kipande kidogo cha ubao, haina sahani wala haizunguki. Hiyo huitwa M.2, na ina adapta zake mbali. Leo hatuizungumzi.

ADAPTA NA UMEME WAKE

Adapta ni kiungo. Upande mmoja ina mdomo wa kuingia katika diski, na upande wa pili ina waya wa USB wa kuingia katika kompyuta nzima. Ziko adapta za SATA peke yake, na ziko zenye pande tatu: moja ya IDE kubwa, moja ya IDE ndogo, na moja ya SATA. Ofisi yenye diski za namna nyingi yafaa inunue hiyo ya pande tatu. Lakini unganisheni diski moja tu kwa wakati mmoja.

Sasa sikilizeni habari za umeme, kwa maana hapa ndipo wengi hukwama.

Diski ndogo ya inchi 2.5 hutaka volti 5 tu. Tundu la USB la kompyuta hutoa volti 5, kwa hiyo mara nyingi diski ndogo hula umeme kwa waya ule ule wa USB. Hata hivyo, tundu la USB la namna ya 2.0 limewekewa kipimo cha nusu ampea, na lile la 3.0 ampea 0.9. Tazameni karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Ikiwa imeandikwa "5V 0.7A", diski hiyo yataka ampea 0.7, na tundu la 2.0 huenda lisiitosheleze. Dalili yake ni diski kuanza kuzunguka, kisha kunyamaza, kisha kuanza tena. Mkiona hivyo, msiseme diski imekufa. Hamishieni waya katika tundu la 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa rangi ya buluu ndani yake. Au tumieni adapta yenye umeme wake.

Diski kubwa ya inchi 3.5 hutaka volti 5 pamoja na volti 12. Tundu la kawaida la USB haliwezi kuipa volti 12. Kwa hiyo adapta ya diski kubwa ni lazima iwe na kisanduku chake cha umeme cha kuchomeka ukutani. Mkiuziwa adapta ya waya mtupu kwa diski kubwa, haitafanya kazi hata mkisubiri mpaka jioni.

Tena someni maandishi ya kisanduku hicho cha umeme. Yafaa yasomeke "100–240V". Umeme wetu wa ukutani hapa Tanzania, na kwa jirani zetu wa Kenya, ni wa volti 230 au 240. Kisanduku kilichoandikwa "120V" peke yake kimefanywa kwa ajili ya nchi kama Marekani. Mkikichomeka hapa kitaungua, na pengine diski itaungua pamoja nacho.

Ikiwa diski ni kubwa tena ni ya IDE, liko jambo moja zaidi. Karibu na pini zake mna kijipande kidogo cha plastiki, mafundi hukiita jampa. Juu ya karatasi ya diski mmechorwa mahali pa kukiweka. Kwa adapta nyingi za USB, jampa iwekwe mahali palipoandikwa "Master". Baadhi ya diski zikitumiwa peke yake hutaka jampa iondolewe kabisa. Fuateni mchoro wa diski yenyewe.

KUUNGANISHA

Wekeni diski juu ya meza kavu ya mbao, isikae juu ya chuma wala juu ya kitambaa. Kwanza ingizeni adapta katika diski, bila kutumia nguvu. Ikikataa, geuzeni mtazame tena. Pili, unganisheni umeme, ikiwa diski ni kubwa. Mtasikia mvumo mdogo wa kuzunguka. Tatu, chomekeni waya wa USB katika kompyuta nzima. Subirini dakika moja. Tangu hapo msiisogeze diski mpaka kazi iishe.

Mambo yakiwa sawa, katika orodha ya diski za kompyuta itatokea herufi mpya, pengine E au F. Mkiifungua, msishangae kuona ukubwa uliopungua. Diski iliyoandikwa GB 80 huonyeshwa katika Windows kama 74.5. Hakuna kilichoibwa. Kiwanda huhesabu kwa maelfu kamili, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Majalada yenu yako wapi? Ikiwa kompyuta ya zamani ilitumia Windows XP, fungueni folda iliyoandikwa "Documents and Settings", kisha jina la aliyekuwa akiitumia, kisha "My Documents". Ikiwa ilitumia Windows iliyofuata baadaye, fungueni "Users", kisha jina, kisha "Documents", "Desktop" na "Pictures". Kompyuta ikisema huna ruhusa, mwenye mamlaka ya kompyuta hiyo abonyeze "Continue".

Nakilini folda hizo katika kompyuta nzima. Kunakili ni kuchukua mfano na kuacha asili mahali pake. Msihamishe wala msifute kitu. Tena msifungue programu zozote zilizomo katika diski ya zamani, maana huenda zina virusi. Mkiwa na hesabu zilizoandikwa kwa programu maalumu, nakilini faili za hesabu, kisha wekeni programu hiyo upya katika kompyuta nzima.

Hesabu ya pili ni hii. Tuseme kazi inakwenda kwa MB 30 kila sekunde, nanyi mnanakili GB 80, yaani MB 80,000. Gawanyeni 80,000 kwa 30. Mtapata sekunde 2,667 hivi, yaani kama dakika 44. Basi msiianze kazi hii dakika 10 kabla ya kufunga ofisi. Na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, nakilini kwanza yale yasiyoweza kupatikana tena: hesabu, orodha za wanachama, picha. Nyimbo na filamu zitangoje.

SWALI LA HATARI

Sasa nawaomba muwe kimya, msikilize vizuri.

Pengine mkiunganisha diski, kompyuta itatoa maneno haya: "You need to format the disk in drive E: before you can use it." Maana yake ni kwamba inataka kuipanga diski upya kabla ya kuitumia. Chini yake pana vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Format disk", na kingine "Cancel". Bonyezeni "Cancel", yaani acha.

Kwa nini? Kompyuta haikusema kwamba diski ni tupu. Imesema tu kwamba yenyewe haiwezi kuisoma. Huenda diski ilitoka katika kompyuta ya Mac au ya Linux, ambazo huandika kwa mpango mwingine. Huenda ukurasa wa kwanza tu wa mpango wake umeharibika, na majalada yote yamo. Ukibonyeza "Format", unaitupa orodha inayoonyesha kila jalada liko wapi, na mengine yakiandikwa juu yake, hayarudi tena.

Tuseme chama chenu kina wanachama 200, na diski hiyo ndiyo yenye hesabu pekee ya akiba zao. Mjane aliyeweka akiba kwa miaka 6 hana karatasi nyingine ya kumwonyesha mtu. Kijana wa ofisi ana haraka, anaona swali kwa lugha asiyoijua vizuri, anabonyeza kitufe cha kwanza ili aendelee na kazi. Kwa kitufe kimoja, ushahidi wa yule mama umeondoka. Kwa hiyo kila mtu anayeshika kompyuta ya chama na alijue neno hili "Format", hata kama hajui neno jingine la Kiingereza. Vile vile akataliwe yule anayeulizwa "Initialize disk" na kutaka kukubali. Nalo ni la hatari kama lile.

DIALI NNE ZA KUKUMBUKA

Diski ikiwa kimya kabisa, chunguzeni umeme na nyaya. Diski ikizunguka lakini haionekani katika kompyuta, chunguzeni jampa, jaribuni tundu jingine, au azimeni adapta nyingine. Diski ikionekana lakini kompyuta ikitaka kuipanga upya, kataeni, mkatafute fundi anayejua kurudisha faili. Na diski ikilia ka, ka, ka, kama saa mbovu, izimeni mara moja. Kichwa cha kusomea kimeumia, na kila dakika ya kuendelea kuzunguka yaongeza madhara.

Kazi ikiisha, msichomoe waya ghafula. Chagueni neno "Eject" katika kompyuta, subirini ikubali, kisha zimeni umeme, na ngojeni diski itulie kabisa kabla ya kuiinua.

Mwisho, wekeni nakala mahali pawili: moja ofisini, na moja katika diski nyingine iliyo katika nyumba nyingine. Na ile diski ya zamani, msimpe muuza mitumba kwa kuwa mmekwisha kunakili. Majina na hesabu za watu bado zimo ndani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Siri za wanachama ni amana. Ifungieni kabatini mpaka kamati iamue.

Wanafunzi wapenzi, muda wetu umekwisha. Someni tena kurasa hizi, mjibu maswali kwa kuandika, kisha mjadiliane. Kwaherini.

MANENO YA SOMO HILI

Adapta: kiungo cha kuunganisha diski na kompyuta.
Jampa: kijipande cha plastiki cha kuipangia diski ya IDE kazi yake.
Kunakili: kuchukua mfano wa kitu na kuacha asili yake.
Tundu la USB: mahali pa kuchomeka waya wa USB katika kompyuta.

MASWALI

1. Kwa nini kompyuta iliyokufa yaweza kuwa na kumbukumbu nzima?
2. Utaitambuaje diski ya SATA, na utaitambuaje ya IDE?
3. Diski ya inchi 3.5 yataka volti zipi? Kwa nini waya wa USB peke yake haitoshi?
4. Diski huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Ni mara ngapi kwa sekunde?
5. Kompyuta inasema diski ipangwe upya. Utabonyeza kitufe gani, na kwa sababu gani?
6. Jadilianeni: katika kijiji chenu au mtaa wenu, ni kumbukumbu zipi zilizo mahali pamoja tu? Nani atazinakili, na lini?